"Mimi Sijui Kuchora": Ushauri kwa Walimu wa Sanaa Bunifu Eastlands

Swali ni lile lile, liwe limetoka Kayole, Dandora, Umoja au Mukuru: "Sijui kuchora, sijui kuimba, na mwaka huu nimepewa Sanaa Bunifu Gredi ya 4. Nifanyeje?" Walimu wakuu nao huliuliza kwa namna yao: "Nimwandae vipi mwalimu ambaye hajawahi kushika brashi?" Nawajibu wote pamoja kwa sababu jibu lao ni moja. Mwalimu haandaliwi kwa kusomewa maelezo kuhusu ubunifu. Huandaliwa kwa kutengeneza vitu kwa mikono yake, mbele ya wenzake, mpaka aibu imtoke. Hapo ndipo anapoweza kumwachia mtoto nafasi ya kujaribu na kukosea.

Usijilaumu. Walimu wengi wenye umri wa miaka thelathini hivi walisoma shule ya msingi wakati sanaa na muziki vilipokuwa vimeondolewa kwenye mtihani wa KCPE, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kipindi kilibaki kwenye ratiba, lakini Hisabati ndiyo iliyofundishwa ndani yake. Kisha ukaja mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima Januari 2019. Na masomo yalipopunguzwa, uchoraji na ufundi, muziki na elimu ya viungo viliunganishwa kuwa somo moja: Sanaa Bunifu, vipindi 6 kwa wiki katika Gredi ya 4 hadi ya 6. Kwa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 ni Shughuli za Ubunifu, vipindi 7. Hakuna somo jingine katika madarasa hayo lenye vipindi vingi hivyo. Mwalimu aliyenyimwa sanaa utotoni ndiye leo anayetakiwa kuifundisha kuliko kitu kingine chochote.

Anza na mikono yako

Tafuteni walimu wanne au watano shuleni mwenu. Chagueni siku moja kwa wiki, baada ya masomo, saa moja tu. Msingoje semina ya kaunti wala mkufunzi kutoka nje. Kanuni ni hizi:

- Kila aliyemo chumbani anatengeneza. Mwalimu mkuu akiingia, naye aketi atengeneze. Hakuna mtazamaji.
- Kila kikao kina kitu kimoja tu cha kushika: mkaa, au udongo, au waya. Mkileta vingi, muda utaishia kwenye kugawa.
- Hakuna kusema "changu ni kibaya" wala "chako ni kizuri". Mseme mnachokiona: "Hapa mstari umekuwa mzito," "Hapa umebadilisha mdundo."
- Dakika kumi za mwisho ni za swali moja: tutawapaje watoto sitini jambo hili?

Vikao vitano vya mwanzo vinaweza kwenda hivi.

*Kikao cha kwanza: mkaa.* Kateni pakiti za unga za kilo 2, mzigeuze upande wa ndani. Kila mmoja achore mkono wake wa kushoto bila kuitazama karatasi hata mara moja. Jicho lifuate ukingo wa mkono, mkaa ufuate jicho. Michoro yote itatoka imepinda, ya aliyejua kuchora na ya asiyejua, na hapo ndipo faida yake ilipo: katika dakika tano za kwanza hakuna bingwa chumbani. Rudieni mkitazama karatasi. Mtaona kwamba mchoro wa pili una mikunjo na kucha ambazo zisingekuwapo kama mngeanza kwa kuchora "mkono" mliouzoea kichwani.

*Kikao cha pili: udongo.* Hapa Eastlands wengi hukata tamaa haraka, na sababu iko ardhini. Udongo mweusi wa Embakasi na Kayole hufinyangika vizuri ukiwa na maji, lakini hujikunja na kupasuka ukikauka. Mtoto anakuta ng'ombe wake wa jana amekatika miguu, mwalimu anaamua kwamba ufinyanzi hauwezekani. Changanyeni udongo na mchanga laini au vumbi la mbao, mkaushe kivulini badala ya juani, na msitengeneze kitu kinene kupita kidole gumba. Mkikosa udongo salama, lowekeni karatasi za zamani usiku kucha, mzikamue, mzichanganye na gundi ya unga.

*Kikao cha tatu: mdundo.* Makofi, mapaja, miguu, kifua. Kila mmoja atunge mdundo wa mapigo manne, aufundishe kwa wenzake bila kusema neno. Kisha mpange midundo hiyo ifuatane, halafu miwili ipigwe kwa pamoja. Hamhitaji kujua kusoma nota ili kufanya hivi. Nota zitakuja baadaye na zitaeleweka upesi, kwa sababu mwili umeshazijua.

*Kikao cha nne: igizo bila maneno.* Foleni ya mitungi kwenye kioski cha maji. Makanga na abiria aliyesahau nauli. Keateka aliyekuja kufunga mlango wa mpangaji. Wawili wacheze kwa dakika moja, wengine waseme waliona nini na kilionekana wapi: mabegani, machoni, kwenye mwendo.

*Kikao cha tano: kufundishana.* Mmoja afundishe kipindi kamili cha dakika 35, wenzake wawe wanafunzi. Msiandike kama kilikuwa kizuri au kibaya. Andikeni mambo mawili tu: mwalimu alizungumza dakika ngapi, na mikono ilikuwa kazini dakika ngapi. Hesabu hiyo itawafundisha kuliko ripoti yoyote ya ukaguzi. Ukikuta umezungumza dakika 20, umefundisha hotuba.

Usichore embe ubaoni

Ningeruhusiwa kuondoa kosa moja tu katika madarasa yetu, ningeondoa hili. Mwalimu anachora embe ubaoni, anasema, "Haya, chora embe." Watoto sitini wanatoa maembe sitini yanayofanana na la mwalimu, na aliyetofautiana anaambiwa arudie. Hilo ni zoezi la kunakili. Kunakili kuna mahali pake, kwa mfano unapoonyesha jinsi ya kushika brashi au kufunga waya bila kujichoma. Lakini ukionyesha kitu kilichokamilika, umeshawaambia watoto jibu ni lipi.

Badala ya mfano, toa kazi yenye mambo matatu: *nyenzo moja, mpaka mmoja, swali moja.* Mpaka ni muhimu mno. Walimu wengi hudhani kumpa mtoto uhuru ni kumwambia "chora chochote", kisha wanashangaa kuona kila mtoto amechora nyumba yenye paa la pembetatu, na jua kwenye kona. Mtoto aliyeachwa bila mpaka hukimbilia picha aliyoizoea. Jaribu hizi:

- Mkaa tu. Chora ploti unayoishi, lakini anzia kwenye kamba za nguo. Nani anaishi nyuma ya kila nguo?
- Waya na vifuniko vya soda tu. Tengeneza kitu kinachotembea ambacho si gari. Kitaendaje?
- Makofi na miguu tu. Tungeni sauti ya steji ya matatu saa kumi na mbili asubuhi. Tutajuaje kwamba sasa mvua imeanza kunyesha?
- Miili tu, watu watano. Jengeni ghorofa inayojengwa, kisha ghorofa iliyokamilika.

Tazama pia michezo yao wenyewe wakati wa mapumziko: kati, brikicho, banta, kalongo, bladda. Imejaa mdundo, ramani, uigizaji na kanuni wanazozitunga na kuzibadilisha kila siku. Mwalimu anayekaa kimya na kutazama mchezo wa kati kwa mapumziko mawili atapata kazi za kutosha muhula mzima. Mwambie mtoto abadilishe kanuni moja ya mchezo anaoujua, aufundishe kwa kundi jingine. Hapo elimu ya viungo na ubunifu vimefundishwa kwa pamoja, na hujanunua kitu.

"Nina watoto sabini na chumba kimoja"

Najua. Katika shule nyingi za umma huku madawati yamebanana, na katika shule ndogo za mabati za Mukuru, Mathare na Korogocho uwanja ni upenyo kati ya kuta mbili. Mpangilio ndio utakaokuokoa:

1. Gawa watoto makundi ya sita, yasiyobadilika kwa muhula mzima. Kila kundi liwe na mgawaji, mkusanyaji na mwosha vyombo. Zamu zibadilike kila wiki. Wewe usigawe kitu chochote.
2. Kila kundi liwe na katoni yake iliyofungashwa kabla ya kipindi. Katoni za maziwa au za sabuni kutoka dukani zinatosha.
3. Toa maagizo kabla vifaa havijafika mezani. Mtoto akishashika rangi, masikio yake yamefungwa.
4. Kwa kazi chafu kama udongo na rangi, nusu ya darasa ifanye leo, nusu nyingine ichore kwa mkaa au kutunga mdundo. Wabadilishane kipindi kinachofuata.
5. Dakika tano za mwisho ni za kusafisha, hata kazi haijaisha. Kazi isiyoisha ihifadhiwe. Msanii yeyote hulala na kazi ambayo haijakamilika.

Kuhusu kelele: muziki una sauti na ni haki yake. Lakini jirani yako anafundisha Hisabati nyuma ya ukuta wa mabati. Wafundishe watoto makofi ya vidole viwili, ambayo yanasikika vizuri ndani ya chumba bila kuvuka ukuta. Kazi za miguu na ngoma zipeleke uwanjani.

Mwombe mwalimu mkuu aunganishe vipindi viwili mara moja kwa wiki. Dakika 35 hazitoshi kwa udongo, 70 zinatosha.

Vifaa: nini kiko karibu, nini kikatazwe

Eastlands ni tajiri kwa nyenzo. Mafundi cherehani wa mtaani hutupa vipande vya vitambaa kila jioni. Maseremala wa Gikomba wana vumbi la mbao na vibao. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Kariobangi Light Industries wana mabaki ya mabati na waya, ingawa haya yanahitaji uangalizi. Nenda mwenyewe, siku moja kila wiki, jambo liwe la kawaida. Fundi anayejua kwamba mwalimu atapita Ijumaa atakuwekea.

Rangi na zana unaweza kuzitengeneza:

- Nyeusi: mkaa uliosagwa. Kahawia: majani ya chai yaliyochemka sana. Njano: manjano ya dukani, kijiko kimoja kwa darasa zima. Nyekundu iliyofifia: udongo mwekundu uliochekechwa.
- Gundi ya kushikisha rangi: uji mwepesi wa unga wa ngano. Tia chumvi kidogo, uutumie ndani ya siku mbili au tatu, usiuache kabatini. Utachacha, na panya watakuja.
- Brashi: kipande cha sponji ya godoro kuukuu kilichofungwa kwenye kijiti.
- Mihuri ya kuchapia: soli ya patipati kuukuu iliyooshwa, ikakatwa maumbo na mwalimu mwenyewe.
- Njuga na kayamba: vifuniko vya soda vilivyopondwa vikawa bapa na kutobolewa na mtu mzima.

Utauliza kuhusu muhuri wa kiazi, ambao umo katika vitabu vingi vya ufundi. Mimi siutumii, na nakuomba usiutumie. Tangu 2023 Kaunti ya Nairobi ina mpango wa Dishi na County, mlo wa mchana kwa shilingi 5, na bado darasani mwako kuna mtoto ambaye hajala tangu jana. Usimkatie kiazi mbele yake ukakichovya kwenye rangi. Maharagwe na mahindi ya kubandika kwenye karatasi ni vivyo hivyo. Soli ya patipati inachapa vizuri zaidi na inadumu mwaka mzima.

Sasa maonyo, na haya sitayapunguza makali:

- Usimtume mtoto jalalani. Jaa la Dandora lilianza miaka ya 1970. Katika uchunguzi uliochapishwa 2007 na UNEP, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, watoto 328 walipimwa, na karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Ukisema tu "leteni vitu vya kutengenezea sanaa" bila kutaja vitu gani na kutoka wapi, kuna watoto watakaoenda huko. Andika orodha: katoni, pakiti ya unga, kifuniko cha soda kutoka nyumbani au kioski cha jirani. Basi.
- Betri ni marufuku. Watoto huzipasua ili kupata rangi nyeusi ya ndani. Wakataze waziwazi, na uwape mkaa.
- Hakuna kuyeyusha plastiki kuwa gundi. Moshi wake ni sumu, na plastiki iliyoyeyuka huganda kwenye ngozi.
- Rangi za mafuta na za kupuliza zinazobaki kwa mafundi wa magari zisiingie darasani.
- Mifuko ya simiti ina vumbi linalowasha macho na ngozi. Iache.
- Makopo na mabati: mwalimu akunje kingo kwa koleo kabla mtoto hajavigusa.
- Rikoda, ile filimbi ya plastiki, haichangiwi midomo. Kama shule ina chache, zioshe kwa sabuni na maji kila baada ya mtoto mmoja, au fundisha vidole kwanza kwa vijiti vilivyochorwa matundu.

Walimu wa zamani watakukumbusha mipira ya karatasi za nailoni iliyofungwa kwa kamba. Tangu mifuko ya nailoni ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017 malighafi hiyo imepungua, na ni heri. Vitambaa vya fundi cherehani vinafunga mpira mzuri vilevile.

Acha waigize kwa Sheng kwanza

Hapa walimu wa Kiswahili hunipinga sana, kwa hiyo nitaeleza. Sheng imekulia katika mitaa hii, na mtoto wa Gredi ya 5 anafikiri kwayo. Ukimwambia atunge igizo kwa Kiswahili sanifu tangu sentensi ya kwanza, atasimama kama askari na kukariri. Ubunifu wake umefungwa kabla haujaanza.

Fanya hivi. Waache wabuni tukio kwa lugha wanayochezea, dakika kumi. Waonyeshe. Kisha waambie: "Chifu amekuja, na nyanya kutoka kijijini amekaa mstari wa mbele. Rudieni waelewe." Watahama wenyewe kutoka Sheng hadi Kiswahili sanifu, na watagombana juu ya neno linalofaa. Ugomvi huo ni somo la Kiswahili ambalo huwezi kulipata kwenye zoezi la kujaza pengo. Mwisho waandike mazungumzo yao kwa Kiswahili sanifu. Utakuwa na igizo lao, na insha juu yake.

Onyo moja: watoto wataigiza walichokiona. Ulevi, kufukuzwa nyumbani, polisi, kupigwa. Usicheke wala usiwakemee. Weka kanuni kabla ya kuanza: hatutumii jina la mtu halisi, hatumgusi mwenzetu kwa nguvu, na yeyote anaweza kusema "simama". Ukiona mtoto anarudia tukio lile lile kila mara kwa uchungu, zungumza naye faraghani na umpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Igizo limekuonyesha jambo ambalo rejista haiwezi.

Tamasha si somo

Tamasha la muziki la Kenya lilianza 1927 na la michezo ya kuigiza 1959, na mimi nayapenda yote mawili. Lakini katika shule nyingi sanaa nzima imekuwa kundi la watoto ishirini wenye sauti nzuri wanaokariri shairi moja kwa wiki nyingi, huku wengine mia nne wakichungulia dirishani. Waliochaguliwa wanajifunza nidhamu, ambayo ni jambo jema. Wasiochaguliwa wanajifunza kwamba sanaa si yao.

Ukitaka kupeleka kundi tamashani, acha kazi itoke darasani. Chukua wimbo wa kujitungia au igizo fupi lililobuniwa na watoto wa Gredi ya 5, uliboreshe na kulipeleka. Na vipindi 6 vya wiki vibaki vya watoto wote hata msimu wa tamasha.

Waalike wasanii wa mtaa, kwa utaratibu

Huna haja ya kuvuka mto kwenda Westlands kutafuta msanii. Wajukuu Art Project ya Lunga Lunga, Mukuru, ilianzishwa na wasanii vijana wa mtaa huo mwaka 2004, na imekuwa ikifundisha watoto wa jirani sanaa. Mwaka 2022 ilishiriki maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, ikapewa tuzo ya Arnold Bode. Ghetto Classics iliyoanza 2008 Korogocho inafundisha muziki wa okestra karibu na jaa lile lile la Dandora. Brush Tu ni studio ya wachoraji Buruburu. Na kuna wachora matatu, ambao watoto wako tayari wanawaheshimu kuliko mtu yeyote kitabuni.

Mgeni asije kutoa hotuba ya jinsi alivyofanikiwa. Mwombe aje na kazi isiyokamilika, aonyeshe anavyoamua kinachofuata, afute mbele ya watoto. Mtoto akiona mchora matatu akifuta, ataacha kulia akikosea mstari.

Utaratibu:

- Mwalimu mkuu ajue jina la mgeni na saa ya kuja kabla ya siku hiyo.
- Mwalimu wa darasa abaki chumbani muda wote. Mtoto asiachwe peke yake na mgeni, wala asiende studioni bila ruhusa ya mzazi kwa maandishi na mwalimu wa kumsindikiza.
- Picha za watoto zisipigwe wala kuwekwa mtandaoni bila idhini ya wazazi.
- Mlipe. Hata nauli na chakula cha mchana. Msanii wa Eastlands ameombwa kazi ya bure mara nyingi mno.

"Na mtihani je?"

Watoto wa Gredi ya 6 hufanya tathmini ya KPSEA tangu 2022, na Sanaa Bunifu imo ndani yake. Kwa hiyo wengine huamua kufundisha sanaa kwa karatasi za marudio: "Rangi za msingi ni zipi? Zungushia jibu." Mtoto aliyechanganya manjano na mkaa kwa vidole vyake, akaona rangi imekuwa kijani kilichofifia, hatalisahau swali la kuchanganya rangi. Fanya kwanza, andika majina baadaye. Dakika tano za istilahi mwishoni mwa kazi zinafaa kuliko kipindi kizima cha istilahi bila kazi.

Katika kutathmini, usijaribu kumtazama kila mtoto kila siku. Chukua kundi moja kwa kipindi, watoto sita, uandike sentensi moja kwa kila mmoja. Baada ya vipindi 12 umepitia darasa la watoto 72. Unapoandika kwamba mtoto amezidisha matarajio au anayakaribia, jiulize haya:

- Alijaribu njia zaidi ya moja?
- Alipokwama alifanya nini?
- Anaweza kueleza kwa nini alichagua hivi na si vile?
- Kuna kitu chake humo, au ni cha jirani?

Unadhifu usiwe kipimo kikuu. Mtoto mwenye kalamu za rangi za nyumbani atakuwa nadhifu siku zote.

Na maneno yako mezani yana uzito. "Vizuri sana" haimwambii mtoto kitu. Sema, "Naona umemfanya mama awe mkubwa kuliko nyumba. Kwa nini?" Kisha nyamaza, umsikilize. Usichukue mkaa mkononi mwake ukamrekebishia mchoro, hata mstari mmoja. Ukitaka kumwonyesha jambo, lionyeshe kwenye karatasi nyingine.

Wazazi

Mwaka 2021 malalamiko juu ya mtaala huu yalifika hadi Mahakama Kuu, na mojawapo ya manung'uniko makubwa mitaani lilikuwa gharama: manila leo, picha za kuchapishwa saiba kesho, na mzazi akikesha kutengeneza mradi wa mtoto. Mama mboga wa Kariobangi anayefunga kibanda saa tatu usiku hana saa ya kujenga mnara wa katoni. Walikuwa na haki ya kulalamika.

Kwa hiyo kazi ya sanaa ifanyike shuleni. Kinachoweza kutoka nyumbani ni kitu ambacho kingetupwa, na mtoto aliyekosa asiadhibiwe wala kutajwa. Ukitaka mzazi ashiriki, mtume mtoto na swali badala ya orodha ya manunuzi: "Muulize nyanya au jirani mkubwa wimbo mmoja alioucheza utotoni." Jibu lake halina bei, na litakupa nyimbo za Kikamba, Kiluhya, Kijaluo, Kikuyu na Kisomali katika darasa moja.

Mwisho wa muhula, fungua mlango kwa saa moja siku ya kufunga shule. Tandaza kazi sakafuni, zote, si bora tu, na kila mtoto asimame karibu na yake ayajibu maswali ya wageni. Mzazi akimsikia mtoto wake akieleza uamuzi wake, mjadala wa kama sanaa ni kupoteza muda unapungua sana.

Kwa walimu wakuu, na wanaopokea wanafunzi wa ualimu

Wanaotoka vyuoni sasa husomea diploma ya miaka mitatu, mpango ulioanza 2021, nao wamegusa sanaa kuliko wengi wetu. Mmoja wao anapokuja kwa mazoezi ya kufundisha, usimpe Sanaa Bunifu kama mzigo ulioukimbia, kisha umwache peke yake. Mketishe na kile kikundi cha kila wiki. Wakongwe watamfundisha kutawala darasa, naye atawaletea mbinu.

Mambo yanayohitaji mamlaka yako ni machache: kipindi pacha kimoja kwa wiki kisichoguswa na Hisabati hata mitihani ikikaribia, kabati moja lenye kufuli, ndoo mbili na maji, na ruhusa ya kubandika ukutani kazi ambazo hazijanyooka. Hakikisha pia kwamba muda wa kusafisha unahesabiwa ndani ya kipindi. Mwalimu anayefuata akikuta udongo kwenye madawati mara tatu, ataomba sanaa ihamishwe, na atasikilizwa.